Mvua Hamsini na Nane

Mambo yalimwendea kombo Mzee Stambuli siku ya Jumanne, tarehe nne Oktoba, mwaka wa 1988, wakati watu wanapokunywa chai ya asubuhi. Alikuwa barazani kwake, gunia la sufi limo baina ya magoti, anatoa mbegu na kuzitupa, nyuzi nyeupe zimemganda ndevuni na kwenye nyusi, alipomwona Randu wa ofisi ya mji anakuja na kopo la rangi. Randu hakubisha hodi wala hakuamkia. Alichovya brashi, akasogea ukutani, akavuta mstari mwekundu ulioanza juu ya mlango ukateremka kiubavu hadi chini, kisha akavuta wa pili ukaukata ule wa kwanza.

"We Randu!" Mzee Stambuli aliruka na sufi yake. "Wanitilia msalaba ukutani? Nani kakwambia nataka kubatizwa?"

"Si msalaba, Mzee. Tazama vizuri, umelala. Hii ni eksi."

"Na eksi ndiyo nini?"

"Eksi ndiyo kuvunjwa." Randu alilisema neno lile kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba kanzu yake ina doa. "Mimi napaka tu, Mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Mzee Stambuli, maana mdomo ulikwisha kuzoea. Kisha akili ikamfikia. "Kuvunjwa nini?"

"Nyumba. Panatakiwa kuchimbwa bwawa la kukusanyia maji ya mji kabla vuli haijashika. Kompyuta imesema maji yote ya Mzingani yanakuja kulala hapa."

"Kulala hapa! Mimi nashona magodoro, nani kawaambia nalaza maji?"

Randu aliangalia kopo lake, akaangalia ukuta, akaona mstari mmoja umechuruzika, akaufuta kwa kidole gumba. Alikuwa mtu wa kazi safi. Akaondoka zake.

Mzingani ni mji mdogo, ukishapita Matsangoni unaelekea Malindi, na mvua ikipiga kidogo tu soko hugeuka ziwa, nyanya zikaelea, na wagonjwa wa zahanati wakapandishwa juu ya meza pamoja na daktari. Waliowekwa na serikali kuangalia mitaro walikuwa wakiiangalia kweli: waliipita kila siku wakiiangalia. Hata akaja Mzungu mmoja wa mradi, magoti mekundu kama pilipili, watu wakampa jina la Bwana Mifereji, na yeye ndiye aliyeleta kompyuta. Mzee Stambuli hakuwa na neno na mashine ile. Neno lake lilikuwa na wakubwa. Tangu mkewe Mishi alipomfia mikononi katika zahanati ileile, dawa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kaenda mkutano, hakuna jambo baya lililotokea Mzingani, hata kuku kugongwa na baiskeli, ambalo hakulitia shingoni mwa mkubwa fulani.

Na sasa wakubwa wamemjia mlangoni, huku binti yake Shekha ametiwa ndani, ni mwari, harusi yake ni baada ya Maulidi. Bwana harusi, kama ilivyo ada, atakuja kukaa fungate katika nyumba hii hii. Akija akute bwawa?

"Baba," Shekha aliita kutoka ndani, kwa kuwa mwari hatoki barazani, "ni nini hicho chanuka rangi?"

"Ni wazimu, mwanangu. Endelea kujisinga liwa, ngozi inukie."

*

Kwenye ofisi ya mji alikalishwa kwenye benchi mpaka benchi likamjua. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine ya baridi, kwa sababu kompyuta haitaki joto, na tangu ilipofungwa mashine hiyo hapakuwa na ofisa aliyekosa shughuli ndani ya chumba kile. Mmoja aliingia na faili akakaa nusu saa. Mwingine aliingia bila faili. Wa tatu alitoka na chupa mbili za soda zilizokuwa zimelazwa nyuma ya mtambo, zatoka jasho.

Karani Mkuu alipomwona Mzee Stambuli alirudi nyuma hatua moja. "Wewe huingii hivyo! Umejaa pamba. Pamba ikiingia kwenye mashine tutalipa sisi?"

"Si pamba, ni sufi."

"Vua viatu. Nyosha mikono."

Akaitwa mfagiaji, akaja na ufagio wa chelewa, wakampangusa mtu mzima yule kuanzia kofia hadi visigino, mbele ya wanawake waliokuja kulipia vibanda vya soko. "Na ndevu," Karani Mkuu alisema. Mfagiaji aliona haya, akazigusa ndevu kwa ncha ya ufagio kidogo tu, kama anayefukuza inzi kwenye sahani ya mgeni. Wanawake waliinamisha nyuso. Mmoja alishindwa akacheka, na Mzee Stambuli hakumlaumu, maana yeye mwenyewe, lau angekuwa mtu mwingine, angecheka.

Ndani alimkuta msichana aitwaye Easter, ambaye ndiye aliyekuwa akiishughulikia mashine. Asili yake ni Kaloleni, lakini babake alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo alizaliwa na kusoma Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kimepanda na kushuka kwa garimoshi. Walikuwa wanajuana. Mwezi wa nane alipita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali, na kwa Mzee Stambuli alikaa sana, juu ya godoro lililojazwa nusu, wakazungumza vizuri.

"Mzee wa magodoro! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe hicho kilichonihukumu."

Easter alimgeuzia kioo. Ulikuwa mji wa mistari, mdogo, wa kijani, hauna mnazi wala mtu, na katikati yake pana doa jekundu. "Tumeipa kompyuta urefu wa ardhi kila mahali," alieleza. "Tumeipa mapaa, mabarabara, na makaravati yote, zile paipu za maji chini ya barabara. Tena tumeipa vile watu wamesema kuhusu mafuriko, na hayo ndiyo inashika sana. Halafu tunainyeshea mvua, inatuonyesha maji inaenda wapi."

"Mvua yenyewe iko wapi?"

"Si mvua ya ukweli. Ni ya hesabu."

"Ni ya uongo."

"Ni ya… ndiyo, Mzee. Ni ya uongo."

"Kwa hiyo nyumba yangu ya kweli itavunjwa kwa mvua ya uongo."

Easter alifungua mdomo, lakini Karani Mkuu alimwahi. "Mzee, usibishane na sayansi. Nyumba yako imefurika zaidi ya mara hamsini. Hakuna nyumba iliyokaribia hapo."

"Mara hamsini! Nani kasema?"

"Majibu ya wananchi ni siri ya serikali," alisema Karani Mkuu, akamshika bega, akamgeuza kuelekea mlangoni. "Na ukipita nje, usiguse ukuta. Umepakwa juzi."

*

Alirudi mtaani anawaka. Kama si yeye aliyesema, basi ni jirani. Na jirani mwenye mdomo wa kutosha kusema mara hamsini alikuwa mmoja tu, naye ni Kadii, mama wa Kigiriama aliyekaanga bajia ng'ambo ya njia.

"Kadii! Nimekukosea nini?"

"Waanza lini kuhesabu?" Kadii alijibu bila kuinua macho kwenye karai.

"Umewaambia wale wa ofisi kwamba kwangu maji huingia. Mara hamsini!"

"Mimi?" Sasa aliinua macho, na kijiko chenye matundu pia. "Mimi nina nyumba yangu ya kusemea, nikusemee na yako? Kwangu maji yaliingia mara mbili. Nikawaambia mara sita."

"Sita? Kwa nini sita?"

"Watu walinena kwamba watakaotaja nyingi watapewa unga wa msaada. Mbona mke wa muadhini kasema tisa! Yule wa duka la mafuta kasema kumi na mbili, na duka lake liko juu ya jiwe. Sasa nawe hamsini! Mulungu wangu! Mzee Stambuli, wataka kuoga kwenye unga?"

"Sikusema mimi!"

"Basi ni nyumba yenyewe imesema." Kadii alimfungia bajia nne kwenye karatasi, akamtupia. "Kula. Mtu hagombani na tumbo tupu, maneno hutoka membamba."

Mzee Stambuli alitaka kukasirika zaidi, lakini bajia zilikuwa za moto, na mtu anayepuliza bajia hawezi kukunja uso sawasawa. Kutoka dirishani Shekha alikuwa akicheka, kisha akaacha kucheka.

"Baba, nenda kwa Diwani. Ni mkweo. Hatakubali mke wa mwanawe atoke katika nyumba ya kuvunjwa."

*

Diwani Abdillahi, babake Seif, yaani huyo bwana harusi, alikuwa amejenga ghorofa moja pembeni ya barabara, nyeupe, yenye nguzo mbili mbele zisizoshikilia kitu. Alimpokea mkwe wake kwa kahawa na halua, akamsikiliza mpaka mwisho, hata akatikisa kichwa kwa huzuni pale penye ufagio.

"Wamekufagia ndevu? Lo! Hilo nitalisema kwenye kikao."

"Na nyumba, mkwe?"

"Nyumba." Diwani alijifuta vidole kimoja kimoja. "Mkwe wangu, hapo umenifunga mikono. Mimi ndiye niliyeiombea kompyuta ile. Leo nikisema nyumba zote zivunjwe isipokuwa ya mkwe wangu, nitakuwa kiongozi gani? Sayansi haina mkwe."

"Lakini kwangu hapaingii maji!"

"Bado. Sayansi inaona mbele." Kisha akatabasamu, akamshika goti. "Wala usihuzunikie harusi. Fungate tutaifanyia hapa. Mimi nalala juu, watoto nitawapa chumba cha chini, kikubwa, nimekipaka rangi upya. Ada za kumpeleka mume kwa mke ni za zamani. Wewe utaleta magodoro tu. Mawili, na yajae."

Mzee Stambuli aliondoka amebeba halua iliyobaki, amefungiwa kama mtoto. Baba wa bibi harusi, aliyestahili kumpokea mume mlangoni na kumpa chai, sasa ameambiwa alete magodoro, kama mtu aliyeagizwa dukani. Njia nzima alikuwa akisema peke yake: "Sayansi haina mkwe! Sayansi haina mkwe!" Alipofika kwa Kadii alimsimulia, na Kadii akawasimulia wateja wake, na kufikia alasiri maneno yale yalikuwa yakizunguka Mzingani nzima. Muuza samaki ukimwomba apunguze bei, alikujibu kwamba sayansi haina mkwe.

*

Bwana Mifereji alikuwa mtu mwangalifu, au pengine mwoga, na alikataa katakata nyumba yoyote ivunjwe kabla wananchi hawajaonyeshwa kompyuta kwa macho yao. Karani Mkuu akasema wananchi hawataelewa. Lakini mgeni wa mkoa alikuwa amekwisha alikwa, na mbuzi amekwisha chinjwa, kwa hiyo baraza ikafanyika wiki ileile Maulidi ilipokwisha, Jumamosi, katika ua wa ofisi ya mji. Mashine ilitolewa ikawekwa mezani chini ya turubai, waya umepitishwa dirishani, na ofisa mmoja amesimama nyuma yake akiipepea kwa kipepeo cha ukindu kama anayempepea bibi harusi.

Watu walijaa hadi juu ya mikorosho. Diwani Abdillahi alikaa mstari wa mbele na kilemba kipya.

"Mabibi na mabwana, hamjambo," alisema Bwana Mifereji, kwa Kiswahili cha kitabuni. "Leo tutainyeshea Mzingani. Lakini kwanza tutahakikisha majibu yaliyo makubwa kupita kiasi. Tafadhali, bibi."

Easter alisimama na kipaza sauti. Alianza na mke wa muadhini, ambaye kuona watu wote wale alishuka kutoka tisa hadi mbili. Mwenye duka la mafuta alishuka hadi sifuri, akaketi haraka. Kadii alisema, "Mbili, na nne za unga," na baraza ikavunjika mbavu. Ndipo Easter alipomgeukia Mzee Stambuli, na sauti yake ikawa ya upole, maana alimheshimu.

"Mzee wangu, nakuuliza tena vile nilikuuliza kwako ule mwezi. Hapo kwenu mko na mvua ngapi?"

Mzee Stambuli alisimama. Alirekebisha kofia. Kama wanataka kumvunjia, basi wajue wanamvunjia nani.

"Hamsini na nane!" alisema kwa fahari. "Katika nyumba ileile. Na Mungu akijaalia, mwezi wa Rajabu itatimia hamsini na tisa."

Easter alishusha kipaza sauti, akakipandisha. "Itatimia? Mzee, unajuaje itanyesha Rajabu?"

"Inyeshe nini?"

"Si ni hiyo mvua."

"Mvua gani tena? Nimezaliwa Rajabu!"

Ofisa aliyekuwa akipepea aliacha kupepea. Kisha, kutoka upande wa wanawake, ilitoka sauti moja nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka, nayo ilikuwa ya Kadii. "Mulungu wangu! Ni miaka! Mzee amewapa miaka yake!"

Ua mzima ukalipuka. Watu waliangukiana. Mmoja aliteleza kutoka kwenye mkorosho, akaanguka, akaendelea kuchekea hukohuko chini. Randu alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi anapiga magoti yake kwa ngumi. Hata mgeni wa mkoa, ambaye kazi yake ilikuwa kutocheka, aligeuza uso akajifanya anapenga kamasi.

"Mvua ni… miaka?" Easter aliuliza, macho yamemtoka.

"Mtu akifungwa jela miaka saba, nyinyi huko Nairobi mwasemaje?"

"Amefungwa miaka saba."

"Sisi hapa kafungwa mvua saba! Mtoto mchanga ana mvua moja. Mimi nina mvua hamsini na nane. Kwani wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani umefurika mara hamsini na nane! Hata nikakuambia pole sana!"

"Na mimi nikakwambia nishapoa! Nilidhani wanionea huruma kwa uzee!"

Easter alijifunika uso kwa karatasi zake, mabega yanamtikisika. Alipofunua, machozi yalikuwa yakimtiririka. "Sasa Mzee, maji… maji yenyewe, yameingia kwako mara ngapi?"

"Hata mara moja. Isipokuwa siku ile Shekha alipoangusha mtungi."

Bwana Mifereji, alipotafsiriwa kwa Kizungu, alichelewa kidogo, kisha akainama akashika magoti yake mekundu akacheka mpaka akakohoa. Akakaa chini mwenyewe, akafuta hamsini na nane, akaandika sifuri, akarekebisha na za wengine. Akasema hesabu itachukua muda. Basi adhana ya adhuhuri ikalia, wakaenda kusali, wakarudi, mashine bado inanguruma kama paka aliyeshiba. Muuza karanga alimaliza karanga zake. Mzee Stambuli alinyweshwa soda tatu na watu asiowajua, kila mmoja anamuuliza, "Mzee, una mvua ngapi?" naye anajibu, na wanacheka upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Tangu Mishi alipofariki hakuwahi kucheka hivyo, na mashavu yalimuuma.

Halafu kioo kikaanza kuchora.

Maji ya buluu yalitoka juu ya mji wa mistari yakateremka, mstari baada ya mstari, polepole, na Easter akawa anataja kila yanapofika. "Yako soko." Watu wa soko, "Twajua!" "Yako kwa msikiti." Wazee wakavuta uradi. "Yanageuka… yanakuja kwa Mama Kadii."

"Pita!" Kadii alikipigia kioo kelele, amesimama juu ya kiti. "Pita, mwanangu, usikae! Kwangu hapana nafasi!"

Yakapita. Yakafika kwa Mzee Stambuli, na ua wote ukashika pumzi. Mzee Stambuli alifumba macho. Moyo wake haukuwa ukicheka tena. Ulikuwa ukipiga kama cherehani.

"Yamempita," Easter alisema.

Vigelegele. Aliinuliwa juu juu, kofia ikapotea, na akiwa kule juu ya mabega ya watu ndipo alipoona maji ya buluu yanavuka barabara, yanateremka bonde moja la zamani lililojazwa mchanga, yanazunguka, yanasimama. Doa likawa jekundu. Easter alilitazama, akatazama ramani, akatazama mstari wa mbele. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Mle kiooni palionekana hata nguzo mbili, nukta mbili ndogo za kijani.

Na kutoka juu ya mkorosho sauti moja ikasema, pole pole, kwa adabu zote: "Mheshimiwa, sayansi haina mkwe."

"Izimeni," Diwani Abdillahi alisema, akisimama. "Mashine hii imeshinda juani. Imeingia chumvi. Izimeni mara moja!" Na ikarudishwa chumbani, na ufunguo wa chumba ukaingia katika mfuko wa kanzu yake.

*

Siku ya pili Randu alikuja na chokaa, akaifuta ile eksi, akapaka ukuta mzima bila kuambiwa, kwa furaha tu. Alasiri yake akaja Diwani mwenyewe. Hakuwahi kukanyaga baraza ile tangu posa.

"Harusi iko palepale, mkwe," alisema. "Siku ileile, mahali palepale."

"Nyumba yangu sasa ipo," alisema Mzee Stambuli. "Seif na aje hapa, kama ada. Tena chumba chako, mkwe, ni cha chini…"

"Harusi ikihama, mji mzima utasema nimeogopa kioo! Naishi mle mimi. Nimewahi kukwambia pana maji?"

"Wewe walala juu."

Diwani alijipangusa chokaa kanzuni. "Kama wataka iwe kwingine, sema tuahirishe mpaka mwakani. Lakini mwari aliyekwisha kutiwa ndani akitolewa bila mume, wajua watu watasemaje. Si mimi watakaomsema."

Mzee Stambuli alitazama dirishani. Pazia lilitikisika. Akakunja mikono yake, akakubali, na kukubali kule kulimchoma kuliko ule ufagio. Siku zilizofuata, usiku na mchana, alishona magodoro mawili, akayashindilia sufi hata sindano ikapinda, huku akiwatukana wakubwa wote wa dunia kwa majina, na Kadii ng'ambo ya njia akimkumbusha aliowasahau.

Siku ya kumtoa bibi harusi, mawingu yalikuwa yamesimama tangu asubuhi juu ya Bofa na kusini kote, na msafara ulipotoka baada ya sala ya alasiri, yalifunguka. Ilikuwa mvua ya kweli. Wanawake walikuwa wamekwisha shika wimbo, na wimbo wa harusi haukatwi njiani, kwa hiyo wakauimba kwa nguvu zaidi, wameshika viatu mkononi, hina inawachuruzika. Mbele kulikuwa na ngoma iliyotota inayotoa sauti kama mtu anayepiga tumbo. Nyuma yake Randu na mwenzake walibeba magodoro vichwani, yamefunikwa kwa turubai ileile ya ofisi, ambayo namna ilivyotoka ofisini hakuna aliyeuliza.

Walipofika kwenye ghorofa, ziwa lilikuwa limekwisha tangulia. Maji yalikuwa yamezunguka zile nguzo mbili, yameingia kwa mlango wa mbele, na kiti kimoja cha sebuleni kilikuwa kinatoka nje taratibu, kama mgeni anayeaga. Diwani Abdillahi alikuwa ghorofani, kwenye kibaraza, na joho lake la dhahabu.

"Ingieni!" aliita. "Ni maji ya kupita tu!"

Kadii ndiye aliyeanza kucheka, kisha somo aliyemfunda bibi harusi, kisha bibi harusi mwenyewe ndani ya buibui lake, hata wote wakawa wanacheka na kuimba papo hapo, hawajui kipi ni kipi. Seif, bwana harusi, alitokea mlangoni amekunja kanzu hadi magotini, kilemba mkononi. Alimwangalia babake kule juu. Alimwangalia mke wake kule njiani. Akavuka yale maji, chapu chapu chapu, akaja upande wa wanawake, na vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika hata ng'ambo ya soko.

"Haya, rudini!" Mzee Stambuli alipaza sauti, amelowa chapachapa, ana furaha kama kijana. "Kwangu! Kwangu ni pakavu! Nina mvua hamsini na nane na zote zimenipita!"

Basi harusi ikageuka, ngoma mbele, magodoro katikati, na ada ikarudi mahali pake kwa miguu yake yenyewe. Nyumbani kwa Mzee Stambuli hamkuingia tone. Pilau ililetwa kwa masinia yaliyofunikwa kwa miavuli. Easter alikuja, Bwana Mifereji akaja akakalishwa juu ya godoro, na mwishowe, kwa kuwa alibaki peke yake kule juu, akaja Diwani Abdillahi naye, amevaa kikoi cha kuazima kwa Randu, akapewa mahali pa heshima karibu na mlango na kikombe cha chai ya tangawizi. Watu walimchekea kwa siri, halafu wakamchekea waziwazi, na yeye mwenyewe akaanza kucheka kidogo, akidhani mambo yamekwisha.

Ndipo pazia la chumba cha ndani lilipofunguliwa. Shekha alitoka na hina yake na asumini zake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Somo wake alimshika mkono, naye akautoa taratibu. Alipiga goti mbele ya babamkwe wake kwa adabu, akambusu mkono, na kwa sauti isiyokuwa na ugomvi hata kidogo, mbele ya baba yake na mumewe na mji wote, akamuuliza swali ambalo Mzingani bado inangoja jibu lake:

"Baba, kioo kilikwambia mbele ya watu kwamba maji yatalala katika chumba kile. Sisi ulitaka tulale wapi?"